Juzi tamu, leo haieleweki: maswali yenu kuhusu migahawa ya Kihindi Dar

Barua za safari hii zimekuja na jambo moja kwa sura nyingi. Mgahawa ule ule, menyu ile ile, mmoja katoka anajilamba vidole, mwenzake katoka amenuna. Nyingi zinahusu migahawa ya kawaida ya katikati ya jiji, kuanzia Kisutu na Upanga hadi mitaa ya Indira Gandhi na Jamhuri, ambako mtu anakaa, anakula, analipa na kwenda zake. Majina ya migahawa tumeyaondoa, kwa sababu kasoro ya jiko moja ndiyo ya majiko mengi.

Kabla ya majibu, shikeni hili: jiko la Kihindi lina vyakula vilivyopikwa tangu asubuhi na vyakula vinavyopikwa ukishaagiza. Malalamiko mengi tuliyosoma yamezaliwa pale mteja alipokidhania hiki kuwa kile.

Biriani isiyo na rojo

*Shikamooni. Niliagiza biriani ya mbuzi nikaletewa wali mkavu wenye madoa ya njano, nyama imefukiwa chini, rojo hakuna. Nilipouliza, mhudumu akaniletea kibakuli cha mtindi. Wiki iliyofuata mume wangu alikwenda hapo hapo saa mbili usiku, akapewa wali uliolowa na kuvunjikavunjika. Ipi ndiyo biriani?* (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Wewe ulipewa biriani. Mumeo alipewa mabaki ya biriani, na hapo ndipo penye lawama.

Biriani ya pwani yetu hupikwa kwa vyungu viwili. Nyama na rojo lake la vitunguu vya kukaanga, nyanya na mtindi viko kivyake, wali uko kivyake, na vinakutana kwenye sahani. Biriani ya Hyderabad, ambayo ndiyo migahawa mingi huifuata, inakutanishwa ndani ya chungu. Nyama hulazwa kwenye mtindi na viungo, mchele wa basmati huloweshwa nusu saa, kisha huchemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi, kama kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita, dakika tano hadi saba tu. Punje ukiivunja kwa ukucha iwe bado na kiini kigumu cheupe katikati. Hapo wali unamwagiwa juu ya nyama, unanyunyiziwa maziwa ya zafarani na samli, vitunguu vya kukaanga na majani ya mnanaa, mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa, na chungu kinakaa juu ya moto mdogo. Nyama ikiwa imeshapikwa, dakika 20 hadi 25 zinatosha. Ikiingia mbichi ni muda mrefu zaidi, na nyama ngumu ya mbuzi haiivi vizuri bila kulainishwa kwanza, kwa papai bichi kwa mfano. Zafarani imenyunyizwa sehemu sehemu, ndiyo maana uliona madoa. Kukosekana kwa rojo si kosa, na mtindi ule ndio mwenzi wake wa kawaida.

Sasa ya mumeo. Chungu cha namna hii hupikwa kimoja kwa mchana, na kinapoliwa hakiliwi sawasawa. Mpakuaji anatakiwa ashushe kijiko bapa pembeni mwa chungu mpaka chini kabisa, kisha ainue kipande kizima, wali wa juu na masala ya chini kwa pamoja. Akiwa na haraka anakwangua juu. Wateja wa saa saba mchana wanakula wali mweupe wenye harufu tu, na wa saa mbili usiku wanaachiwa tabaka la chini lililokaa kwenye majimaji siku nzima, likapashwa na kukorogwa, punje zikakatika.

Kwa hiyo biriani iagizeni mchana. Usiku ulizeni, "Kuna chungu kipya?" Kama hakuna, agizeni kitu cha karahi, yaani mchuzi unaopikwa kwenye karai ukishaagiza. Na sahani ikija kabla ya kuila, chimbeni katikati kwa kijiko. Msipokuta masala chini ya wali, irudisheni mkaomba ipakuliwe upya kutoka chini. Hilo ni ombi la haki kabisa, na mpishi anayejua kazi yake hatalikataa.

"Pilipili kidogo" maana yake nini?

*Nilisema pilipili kidogo, nikatokwa machozi. Mwenzangu aliomba kali sana, akaletewa tamu kama ya mtoto. Halafu dal ilikuwa na sukari! Wanatusikiliza kweli?* (Msomaji, Kinondoni)

Huenda mhudumu alisikia vizuri, ila mpishi hakuwa na nafasi ya kubadili kitu. Michuzi mingi ya mgahawa inatokana na rojo moja la msingi linalopikwa asubuhi kwenye sufuria kubwa. Vitunguu ndivyo vingi, kisha nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, manjano, na mara nyingi korosho, vyote vikachemshwa na kusagwa. Ukiagiza, mpishi anatia mafuta kwenye karahi, anaunguza viungo kidogo, anateka rojo, anaongeza nyama au mboga iliyokwisha kuiva, na ndani ya dakika kumi chakula kiko mezani. Hapo pilipili iko mkononi mwake. Lakini nyama iliyolala kwenye viungo tangu jana, biriani, na sambusa zilizokwisha kufungwa, pilipili yake imeshaingia. Ukiomba "kidogo" kwenye kuku tikka unaomba lisilowezekana.

Neno "kidogo" nalo halina kipimo. Semeni kitu ambacho mpishi anaweza kukitenda: "Usitie pilipili ya unga, niletee pilipili mbichi pembeni." Anayetaka kali aombe pilipili mbichi zikatwe na kukaangwa mwanzoni pamoja na kitunguu. Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ile inayonyunyizwa juu mwishoni inakaa juu juu tu na haienei kwenye mchuzi. Na msiogope wekundu. Pilipili ya Kashmir ina rangi nyingi kuliko ukali, wakati mchuzi wa kahawia au wa kijani unaweza kukuunguza zaidi.

Mdomo ukiwaka, acheni maji na soda. Kapsaisini, ile kemikali inayounguza, haiyeyuki kwenye maji, yanaitawanya tu mdomoni. Mtindi, lassi (kinywaji cha mtindi) au maziwa ndiyo dawa, kwa sababu mafuta na protini ya maziwa vinaibeba na kuiondoa. Lishike tonge la mtindi mdomoni kidogo kabla ya kumeza.

Dal yenye sukari ndivyo inavyotakiwa kuwa, kama jiko ni la Kigujarati. Hutiwa sukari guru pamoja na ukwaju au ndimu, ili utamu na uchachu vivutane. Dal hiyo ni mbaazi zilizopasuliwa, hizi hizi zinazolimwa Mtwara, Lindi na Manyara. Ni zao ambalo bei yake iliporomoka hapa kwetu India ilipoweka kikomo cha kuziagiza mwaka 2017, kwa hiyo tunapolila mezani Kisutu tunakula jasho la mkulima wetu. Usiyependa utamu, omba dal iliyoungwa kwa kitunguu saumu na binzari nyembamba. Kule kuungwa hufanyika mwisho, mafuta ya moto yanamwagwa juu, hivyo pilipili pia inaweza kuachwa.

Naan iliyogeuka ngozi

*Nikila pale pale naan ni laini mno. Nikifungiwa, nikifika Mbezi baada ya foleni imekuwa kama soli ya kiatu. Kuna namna? Na je, naweza kuipika nyumbani bila tanuri?* (Msomaji, Mbezi Beach)

Namna ipo, na inaanzia kaunta. Naan hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo lenye joto la nyuzi 400 hivi au zaidi, na inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Kwa sababu ya haraka hiyo, nje inapata madoa ya kuungua kabla ya maji ya ndani kukauka. Ikitoka bado inatoa mvuke mwingi. Ikifungwa moto moto kwenye karatasi ya alumini, mvuke unaigeukia na kuilowesha. Ikipoa sasa, wanga unajikaza, maji yanayoyoma, na unabaki na soli uliyoitaja.

Ombeni naan ziwe za mwisho kutoka, zipakwe siagi au samli, zifungwe kwa karatasi ya kawaida na boksi liachwe wazi kidogo. Nyumbani zinyunyizie maji kwa vidole, ziweke kwenye kikaango kikavu kilichopata moto sekunde 30 kila upande, na ule papo hapo. Ikishapashwa hivi ikapoa tena, haina uhai wa tatu. Kwa safari ya Mbezi saa za jioni, lakini, tungeshauri chapati au roti ya kikaango. Hizo zinavumilia njia kuliko naan.

Kwa kupika nyumbani, chukua unga wa ngano gramu 500, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kimoja, hamira ya chembe kimoja, mtindi mililita 100, mafuta vijiko viwili vikubwa, na maji ya uvuguvugu kama mililita 220. Maji tia kidogo kidogo, kwani unga hutofautiana. Kinyunga kiwe laini kuliko cha chapati, karibu kigande mkononi. Kikande dakika nane, ukifunike kiumuke. Kwa joto la Dar saa moja inatosha, na ukikisahau kutwa nzima kitachacha. Kata madonge ya gramu 100, yapumzike robo saa, kisha yasukume kwa vidole.

Sasa tanuri lako ni kikaango cha chuma kizito chenye mpini, juu ya jiko la gesi. Kipashe mpaka tone la maji likigusa linarukaruka. Lowesha upande mmoja wa naan kwa maji ya kutosha, bandika upande huo chini, ukandamize kingo. Maji ndiyo gundi. Mapovu yakiinuka juu, geuza kikaango chote kichwa chini juu ya mwali, ukisogeze huku na huku mpaka uone madoa meusi. Naan itaning'inia bila kudondoka. Ikidondoka, ama hukutia maji ya kutosha ama chuma hakikuwa na moto. Vikaango visivyogandisha havifai: naan haishiki, na moto wa namna hii unaharibu ule utando. Jiko la umeme nalo haliwezi kazi hii.

Kuku mwekundu hadi kwenye mfupa

*Kuku wa tanuri alikuwa mwekundu ndani karibu na mfupa. Niliacha. Alikuwa mbichi?* (Msomaji, Temeke)

Si lazima. Wekundu wa nje ni pilipili ya Kashmir au rangi ya chakula. Ule wa kandokando ya mfupa mara nyingi unatoka kwenye uboho. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki chache, mifupa haijakomaa, na akiwa amegandishwa kwenye friza uboho huvuja na kupaka rangi nyama iliyo jirani. Rangi peke yake haikuambii kitu. Bonyeza nyama ya paja: maji yake yakitoka meupe yasiyo na damu na nyama ikiachana na mfupa bila kuvutana, ameiva. Nyama ikiwa inang'aa, inateleza na imeshikilia mfupa, mrudishe bila aibu. Mpishi mwenye kipimajoto anatafuta nyuzi 74 katikati ya kipande kinene.

Kuku anayestahili lawama zaidi ni yule wa unga unga, anayepondeka kama ugali wa jana. Huyo alilazwa kwenye ndimu nyingi au papai kwa muda mrefu. Kwenye mtindi anaweza kulala usiku kucha salama, kwenye ndimu kali saa moja hivi inatosha.

Paneer inayoruka kama mpira

Msomaji wa Sinza anauliza kwa nini paneer yake, ile jibini ya Kihindi, ilikuwa ngumu na kwa nini ni ghali kama nyama. Ughali ni maziwa: lita mbili, zikikatwa kwa ndimu au siki na kukamuliwa, zinatoa gramu 250 hadi 300 tu. Ugumu unatokana na kukaangwa mno au kutolewa kwenye friza na kutumbukizwa moja kwa moja kwenye mchuzi. Nyumbani ilowesheni kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo dakika kumi kabla ya kuitia. Inarudi laini.

Bili iliyonenepa

*Tulijumlisha kwenye menyu, 40,000. Bili ikaja 47,200. Tuliibiwa?* (Msomaji, Ilala)

Tofauti ya 7,200 ni asilimia 18 kamili ya 40,000, yaani VAT imeongezwa juu ya bei. Kama menyu ingekuwa ya bei zenye VAT tayari, katika 40,000 ile kodi ingekuwa 6,102 na mlipe 40,000 hiyo hiyo. Angalieni maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho wa menyu, na kama hayapo ulizeni kabla ya kuagiza. Kisha daini risiti ya EFD. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, na karatasi ya bili iliyochapwa kwenye kompyuta ya kaunta si risiti hiyo. Kwenye risiti kuna sehemu ya VRN, namba ya usajili wa VAT. Mfanyabiashara asiyesajiliwa hana haki ya kuwatoza VAT hata shilingi moja, na hapo ndipo mngekuwa mmeibiwa.

Mmelalamika pia kuhusu kibakuli kidogo cha mchuzi kisicho na wali. Michuzi huuzwa peke yake, wali na mkate vina bei zake. Watu wanne wasiagize michuzi minne. Miwili ya nyama, dal moja, mboga moja, naan sita na sahani mbili za wali mweupe vitawatosha kwa kuchangia.

Korosho zilizojificha

*Mwanangu ana aleji ya korosho. Je, mchuzi usioonekana korosho ni salama?* (Msomaji, Upanga)

Hapana, mama. Swali lako ni zito kuliko yote yaliyotufikia. Korosho katika majiko haya husagwa mpaka ikawa uji, na kazi yake ni kuufanya mchuzi uwe mzito na laini, kwa hiyo jicho haliwezi kuiona. Korma na kuku wa siagi, yule anayeandikwa "butter chicken" kwenye menyu, mara nyingi wana korosho. Michuzi ya paneer vivyo hivyo. Na kama tulivyosema, inaweza kuwamo katika rojo la msingi, ambalo linaingia hata kwenye chakula ambacho hukukitegemea. Usimuulize mhudumu "kuna korosho?" ukatosheka na jibu la "hamna". Omba kuzungumza na mpishi, muulize rojo la msingi lina nini, na kama kijiko na mashine ya kusagia ni vile vile. Jibu likisitasita, ondokeni. Kwa kawaida vyenye hatari ndogo ni dal ya kuungwa, wali mweupe na roti, lakini navyo viulizwe. Dawa ya mtoto ya dharura iwe mkononi mwako, isiachwe kwenye gari.

Tumbo baada ya bufee

*Tulikula bufee Jumapili saa tisa alasiri, usiku watatu kati yetu tumbo likatukamata. Tulaumu nini?* (Msomaji, Mikocheni)

Hatuwezi kumhukumu mtu kwa barua, lakini tunajua pa kutazama. Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na katikati ya hapo kisizidi saa mbili. Mnaoingia saa tisa mnakuta vyombo vilivyotolewa tangu saa sita. Fungua mfuniko: mvuke usipokupiga usoni, pita. Wali ndio wa kuogopwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na sumu wanayoitoa wali ukikaa vuguvugu haiondoki kwa kupashwa. Vitazameni pia vile vya baridi vilivyokaa wazi, yaani chatini ya kijani, raita ya mtindi, kachumbari, na yale maji ya viungo ya pani puri ambayo hayajapita motoni kabisa.

Kunyweni maji yenye chumvi za ORS. Mwenye homa kali, damu kwenye choo, au asiyeweza kushikilia hata maji aende hospitali leo. Kisha toeni taarifa kwa afisa afya wa manispaa ulipo mgahawa, mkitaja siku, saa na vyakula mlivyokula wote watatu. Vile mlivyochangia ninyi watatu na wenzenu waliobaki wazima hawakuvigusa ndivyo atakavyoanza navyo.